Maswali ya DSL ninayoulizwa kila wiki hapa Mbeya: ADSL, VDSL na ndugu zao wa waya wa simu ya mezani

Kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Rungwe, na wengine wote mambo vipi. Mi ni fundi wa nyaya hapa Mbeya na kila wiki meseji ni zilezile, mwenye stationari anauliza, mwenye gesti anauliza, mwanachuo kapewa modemu na mjomba wake anauliza, kwahiyo nimeamua niyaandike yote sehemu moja nikiulizwa natuma linki tu. Najua wengi mshahama kwenye bando na faiba ila bado kuna ofisi na nyumba za zamani zina waya wa shaba ukutani na watu wanataka kujua unaweza nini.

Fundi, DSL ni nini hasa? Si ndo ile ya zamani iliyokuwa inalia kriii ukitaka kuingia net?

Hapana, DSL ni intaneti inayopita waya wa simu ya mezani, ila ile iliyokuwa inalia ni dayal-apu. Zote zinapita waya uleule wa shaba ila zinautumia tofauti kabisa. Sauti ya mtu kwenye simu inatumia masafa madogo sana, kama hezi 300 mpaka 3,400 hivi, na mitambo ya simu ilitengenezwa ipitishe hicho tu. Dayal-apu ilikuwa inajifanya ni sauti ya mtu, inajibana humohumo, ndo maana ikaishia kilobiti 56 na ukiwa net simu haipatikani. Wimbo mmoja wa megabaiti 5 dakika kumi na mbili, na hapo kama haijakatika.

Sasa waya wenyewe hauna shida hiyo. Waya unaweza kubeba masafa ya juu zaidi, ni mitambo ya sauti kituoni ndo ilikuwa inayakata. Ni kama nyumba ya Mbeya mwezi wa sita, vyumba sita lakini watu wote wamejazana jikoni kwenye moto, vyumba vingine vitupu. DSL ilichofanya ni kufungua vile vyumba vitupu. Sauti inabaki chini kilohezi 4, data inapanda juu, kwenye ADSL ni kuanzia kama kilohezi 26 mpaka 1,104. Ndo maana unaongea na simu huku net inaendelea.

Kwanini nikipiga simu nasikia kama maji yanachemka?

Hujaweka filta. Kile kidude kidogo cheupe kinachokuja na modemu sio pambo. Kila simu ya mezani kwenye hiyo laini inatakiwa ipite kwenye filta yake, na faksi nayo, na king'ora kama kimeungwa kwenye simu. Modemu yenyewe haipiti kwenye filta, inaenda moja kwa moja au kwenye tundu la DSL la splita, yaani kile kiboksi kinachotenganisha simu na data. Nishaitwa gesti moja Mwanjelwa, net inakatika kila mgeni akinyanyua simu ya mapokezi, kumbe simu zipo nne zimeungwa pamoja na filta zote ziko kwenye droo bado kwenye mfuko wake.

Jirani yangu anapata mega 10 mimi mega 2, kampuni moja, kifurushi kimoja. Wananionea?

Hapa ndo penyewe, na ukielewa hili maswali mengine yote yanakuwa mepesi. DSL ni habari ya umbali. Sio umbali wa kunyoosha mkono ukaonesha kituo kile pale, ni urefu wa waya kuanzia kituo cha simu, unashuka chini ya barabara, unazunguka mitaa miwili, unaingia kwenye kabati la mtaani, unapanda nguzo, mpaka ukutani kwako. Nyumba mbili zimepakana lakini moja waya wake umetokea kabati la mbele na nyingine umezunguka nyuma kilomita nzima zaidi, hiyo ipo sana.

Shaba inakula sinyo, yaani mawimbi yanayobeba data, na kadiri masafa yanavyokuwa ya juu ndo inakula zaidi. Kwahiyo waya ukiwa mrefu vile vyumba vya juu vinafungwa kimoja kimoja, unabaki na vya chini tu. ADSL imegawa masafa yake kwenye vijichaneli 256, kila kimoja upana wa kilohezi 4.3125, na modemu ikiwaka, zile sekunde unazoona taa ya DSL inapepesa, inapima kila kijichaneli kinaweza kubeba biti ngapi. Chenye kelele sana kinaachwa. Huko nako ni kuzuri kwa sababu laini mbovu haifi, inapungua tu.

Kwa makadirio ya kazini: chini ya kilomita moja na nusu unafurahi, kilomita tatu unavumilia, kilomita tano unapata mega moja mbili kama waya mzima, zaidi ya hapo usinunue modemu. Mtu wa Uyole ambaye waya wake umetokea mpaka mjini kati, hiyo ni karibu kilomita kumi, hata akiletewa modemu ya dhahabu haishiki. Na unene wa waya unahusika, wa milimita 0.4 unakula sinyo kuliko wa 0.5, na humu barabarani vyote vimechanganyika.

Hizi herufi sasa. ADSL, ADSL2, ADSL2+, tofauti yake nini?

ADSL ya kwanza kiwango chake kilitoka 1999, inashusha mpaka mega 8 na kupandisha kama mega moja. Ilikuwa na mdogo wake anaitwa G.lite, mega 1.5 tu, ambaye hakuhitaji splita. ADSL2 ni ya 2002, mpaka mega 12, ila faida yake kubwa naona sio spidi, ni kwamba inabana vizuri zaidi kwenye waya mrefu na inaweza kukwambia hali ya laini. ADSL2+ ya 2003 ikapanda masafa mara mbili, kutoka megahezi 1.1 mpaka 2.2, vijichaneli vikawa 512, spidi mpaka mega 24.

Lakini rudi kwenye umbali. Hayo masafa yaliyoongezwa ni ya juu, na ya juu ndo yanakufa mapema, kwahiyo mtu wa kilomita tatu ukimpa ADSL2+ anapata karibu sawa na ADSL ya kawaida. Nimeona mtu Iringa huko Kihesa kabadilisha modemu mara tatu akitafuta hizo 24 za kwenye boksi. Kaka, boksi halijui unakaa wapi.

Kwanini kushusha haraka, kupandisha ni kilio? Nina stationari natuma mafaili makubwa.

Hiyo ni makusudi. Ile A ya mwanzo kwenye ADSL maana yake pande mbili hazilingani. Watu wanadhani ni kampuni kubana tu, au ni kwa sababu watu wengi wanashusha video. Hilo la watu kushusha lipo ila sababu ya kifundi ni tamu zaidi.

Fikiria kituo cha simu. Pale mamia ya nyaya yamefungwa kwenye kebo moja, yamelaliana. Nyaya zikilaliana zinasikilizana, sinyo ya huyu inavujia kwa yule. Sasa sinyo yako ya kupandisha ikifika kituoni imetembea kilomita tatu, imechoka, inanong'ona, na inafika sehemu ambayo mitambo yote inapiga kelele kubwa kuelekea kwa wateja. Mnong'ono unamezwa. Lakini huku kwako nyumbani waya uko peke yake au na wachache, hakuna kelele ya karibu, kwahiyo sinyo inayokuja hata ikichoka inasikika. Mmarekani mmoja Joseph Lechleider wa Bellcore, kampuni ya utafiti wa simu, ndo aliona hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, akasema kama ni hivyo tusigawane sawa, upande wa kupandisha tuupe masafa kidogo ya chini na kushusha tuupe mengi ya juu, jumla itakuwa kubwa kuliko kulazimisha usawa. Mwaka 2013 wakamweka kwenye orodha ya heshima ya wavumbuzi kwao Marekani. Na mtu wa kugawa masafa kwenye vijichaneli vidogo vidogo anayetajwa sana ni John Cioffi.

Kwahiyo dada yangu wa stationari, tuma mafaili usiku au tafuta laini ya usawa, inafuata hapa chini.

Hiyo ya usawa ndo ipi?

SHDSL, kiwango cha 2001. Jozi moja ya waya inatoa kama mega 2.3 kwenda na mega 2.3 kurudi, na ukiunganisha jozi mbili tatu inaongezeka. Inafaa ofisi yenye matawi inayotaka mashine zao zisome seva makao makuu. Ubaya wake inachukua masafa yote mpaka ya chini, hakuna nafasi ya simu ya sauti kwenye waya huohuo. Kabla yake kulikuwa na HDSL iliyotumia jozi mbili kubeba mega 2.048, na IDSL ya kilobiti 144 ambayo leo hata bibi yangu angeikataa.

VDSL je? Nimeona rauta imeandikwa VDSL2 mega 100.

Mega 100 kweli zipo, kama uko mita mia tatu hivi. VDSL2 ya 2006 inaweza kupanda mpaka megahezi 30, ambayo kwa shaba ni juu sana, ukifika kilomita moja na nusu haina tena tofauti na ADSL2+. Ndo maana VDSL haitoki kituo cha mbali, wanaleta faiba mpaka kabati la mtaani, wanaweka mtambo humo, halafu kipande cha mwisho tu ndo shaba. Maana yake kabati linahitaji umeme, na betri, na mlinzi, na kwetu ukishaleta faiba mpaka mtaani watu wanauliza kwanini usiimalizie tu mpaka mlangoni. Swali zuri na jibu lake ni kwamba Ulaya shaba ilishaingia kila nyumba, huku haikuingia.

Walienda mbali zaidi. 2010 ikaja vekta, ambapo mtambo unapima kelele ya kila waya kwa mwenzake na kutuma kelele kinyume ili zifutane, na 2014 ikaja G.fast ya megahezi 106, karibu gigabiti kwa waya wa chini ya mita 100. Huku kusini sijawahi kuishika kwa mkono, naisoma tu.

Mvua ikinyesha net inakufa, ikikauka inarudi. Ni uchawi?

Hahaa, ni jointi. Waya wa simu una viungo vingi njiani na kila kiungo ni mdomo wa maji. Shaba ikilowa inaota kutu ya kijani, sinyo inavuja. Kule Tukuyu mvua haikati, niliwahi kufungua kiungo kimefungwa na mfuko wa rambo na uzi wa kiroba, ndani maji yanatiririka kama bomba, na mwenye nyumba alikuwa anabadilisha modemu. Ukiona tatizo linafuata mvua usiguse modemu, nyanyua simu usikilize, ukisikia mkwaruzo kama wa kukaanga dagaa wakati hakuna anayeongea, ripoti waya. Na ripoti ukisema simu ina mkwaruzo, usiseme net iko slo, maana net slo wanakwambia zima na uwashe.

Na radi?

Radi za Novemba mpaka Aprili huku milimani hazina utani. Waya wa simu ni shaba ndefu inayoning'inia juu ya nguzo, umeme unaupenda. Wengi wanachomoa modemu kwenye soketi ya umeme halafu wanaacha waya wa simu, na modemu inaungua hivyohivyo kwa nyuma. Chomoa vyote viwili. Na waya wa netiweki unaoenda kwenye kompyuta pia, maana nimeona radi imepita modemu ikaua kompyuta nayo. Kidude cha kuzuia mshtuko kinasaidia kama nyumba ina ethi nzuri, kama ethi ni msumari uliopigwa kwenye tofali basi hela umetupa.

Mchana nzuri, usiku inakatikakatika. Kwanini?

Mambo mawili na usiyachanganye. Kama taa ya DSL inabaki imetulia lakini spidi inashuka, hiyo ni foleni, watu wamerudi nyumbani na njia ya huko mbele mnagawana. Zamani kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kufika Dar 2009 tulikuwa tunategemea satelaiti, mtu analaumu ADSL yake kumbe shingo ya chupa iko angani.

Lakini kama taa yenyewe inazima na kuanza kupepesa upya, hiyo ni laini. Na usiku kuna kitu kinaitwa redio. Stesheni za AM za masafa ya kati ziko kilohezi 526 mpaka 1,606, yaani zimekalia kiti kilekile cha ADSL, na usiku mawimbi hayo yanasafiri mbali sana kuliko mchana. Waya wako mrefu wa nguzoni ni antena tosha. Nyaya mbili zinasokotwa pamoja ili kufuta hiyo kelele, ila fundi akiunga nyumbani kwa waya wa spika usiosokotwa anaharibu kazi yote.

Nimenunua modemu ya mtumba kutoka Ujerumani, haishiki kabisa.

Pole mkuu. Geuza chini soma lebo. Ujerumani walikuwa na simu za kidijitali za ISDN zinazotumia masafa mapana zaidi kule chini, kwahiyo ADSL yao imesogezwa juu, wanaita Anneksi B. Laini ya simu ya kawaida ni Anneksi A. Ukiona B iache. Na kagua tundu, la DSL ni dogo, la plagi ya simu. Rauta yenye matundu makubwa ya netiweki peke yake haina modemu ndani, na yenye skrubu ya kebo ya TV ni ya mfumo mwingine kabisa. Mtu wa duka atakwambia zote ni modemu, kwake zote ni modemu kweli.

Nisome nini kwenye ukurasa wa modemu?

Ingia ndani ya modemu, tafuta namba mbili. Ya kwanza ni upotevu wa sinyo, kwa desibeli, hapa unataka ndogo: chini ya 20 una bahati, 20 mpaka 40 kawaida, ikipita 60 unaishi kwa imani. Ya pili ni ziada ya sinyo juu ya kelele, hapa unataka kubwa, ikishuka chini ya 6 itakatikakatika. Upotevu ni umbali, huwezi kuubadilisha. Ziada unaweza kuipandisha kwa kusafisha jointi, kutoa nyaya za simu zisizotumika humo ndani, na kuweka modemu kwenye tundu la kwanza kabisa waya unapoingia nyumbani. Piga picha hizo namba siku laini ikiwa nzima, siku ikiugua utakuwa na cha kulinganisha na fundi hatakudanganya.

Nimelipia mega 8 nadanlodi mega 1. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Wao wanahesabu biti, kompyuta inahesabu baiti, baiti moja ni biti nane. Na ADSL inafunga data kwenye vifurushi vya baiti 53 ambavyo 48 tu ndo mzigo, kwahiyo karibu asilimia kumi inaenda kwenye vifungashio. Ukipata 0.85 hivi ni sawa.

Taa ya DSL imetulia lakini intaneti hakuna.

Waya mzima basi. Angalia jina na neno siri la PPPoE, ndo la kuingilia kwa kampuni, na zile namba mbili za VPI na VCI zinazoiambia modemu njia ya kupita, hizo unaziuliza kwa kampuni yako, usinakili za mtu wa Kenya huko YouTube. Kingine, umelipia mwezi huu?

Simu haina toni ila net ipo polepole, inawezekanaje?

Inawezekana na ni dalili nzuri sana kwa fundi. Waya mmoja kati ya ile miwili umekatika. Sauti na umeme wa simu, ile volti 48 kutoka kituoni, vinahitaji njia kamili kwenda na kurudi. Masafa ya juu yanaweza kuruka pengo kidogo yakafika yamechoka. Mwambie fundi hivyohivyo, atajua pa kuanzia.

Mwanangu anacheza gemu anasema pingi kubwa, yaani data inachelewa kwenda na kurudi.

Kampuni huwa inachanganya data makusudi ili kelele ya ghafla isiharibu sehemu moja yote, inaokoa makosa lakini inachelewesha milisekunde kadhaa. Unaweza kuomba waitoe kama waya wako msafi. Kama sio msafi, usiombe.

Kwa ukweli fundi, leo hii niweke DSL au faiba?

Kama faiba imepita mtaani kwako weka faiba, sina hata cha kufikiria. Faiba ni kioo, radi haiifuati, mvua haiioteshi kutu, inaenda kilomita 20 kutoka kwenye mtambo bila kulia, na wezi wa shaba wakiikata wanakuta hakuna cha kuuza. Uingereza kwenyewe, walioipenda shaba kuliko sisi, mtandao wao wa zamani wa simu umepangwa kuzimwa Januari 2027. DSL inabaki na maana kwa yule ambaye waya upo tayari, uko karibu na kituo, faiba haijafika na sinyo ya 4G inakatwa na mlima. Hao huku kwetu wapo, mabondeni huko sinyo inategemea umesimama kona gani ya shamba.

Waya wa zamani uliobaki ukutani niung'oe?

Usikimbilie kisu. Kwanza uliza kama laini imefungwa kweli, maana simu ikipigwa volti zinapanda mpaka 75 na zaidi na ukiwa na mikono imelowa utaruka. Kama imekufa, uache kwenye bomba lake ukutani, siku faiba ikija fundi anaufunga kwenye ncha ya waya huo anavuta upande wa pili, inatoka bila kutoboa hata tundu jipya. Nimefanya hivyo nyumba mbili Gangilonga na rangi ya ukuta haikuguswa.